Ngazi Yangu ya Nyuma

Anayepita nyuma ya Ghorofani hapa Tukuyu akiinua macho ataiona. Imeanzia kwenye kibaraza cha jiko langu, juu kabisa, ikashuka mpaka uwanjani. Ni ya magogo ya mti wa mlingoti na mbao nene, nimeipaka oili chafu ili mvua yetu isiilambe. Haina urembo. Wageni huuliza kwa nini jengo lenye ngazi nzuri ya zege ndani lina mzee mmoja mwenye ngazi yake ya mbao nje. Wanajibiwa kwamba mzee yule ni mkorofi. Ni kweli, lakini hilo siyo jibu. Jibu nitalitoa mimi. Darasa la pili nililofika linanitosha.

Ghorofani ilijengwa na shirika moja la umma kwa ajili ya wakubwa wake. Sakafu tatu, kila sakafu fleti mbili zinazotazamana, ngazi moja katikati. Wakati ule nilikuwa nachuuza ndizi. Nilizitoa Ikuti kwa kichwa, baadaye kwa baiskeli, nikazitembeza nyumba hadi nyumba. Siku ya kwanza niliyoingia mlango wa mbele wa Ghorofani, mkungu begani, mhasibu wa shirika alikuwa anashuka kwenda kazini. Alinitazama miguu kwanza, maana ilikuwa na tope, ndipo akanitazama uso.

"Wewe wa ndizi," akasema, "njia yako nyuma."

Nikazunguka nyuma. Miaka mingi nilizunguka nyuma, nikasimama chini ya madirisha ya jikoni na kuita, na wake zao wakateremsha vikapu kwa kamba. Niliweka ndizi, kikapu kikapanda, hela zikashuka. Kuna wanawake wa jengo lile walionunua kwangu mpaka watoto wao wakamaliza shule, na sijawahi kuona ndani ya mlango wao.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Mtu aliyekuwa akiogopa kuitwa mlanguzi akaanza kuitwa mfanyabiashara, kazi ikiwa ni ile ile. Nilikodi lori, nikajaza ndizi za Ikuti na Nkunga, nikazishusha Dar. Lori la kukodi likazaa lori langu. Shirika nalo likawa linakwenda upande wa pili wa mizani. Mishahara ilichelewa, watu wakapunguzwa, na mwishowe tukasikia fleti za Ghorofani zinauzwa moja moja. Waliomo ndani wanapewa nafasi ya kwanza, zitakazobaki anunue mwenye uwezo. Mhasibu alinunua yake, sakafu ya kati, mkono wa kulia. Zikabaki mbili: ya juu kabisa iliyo kichwani kwake, na ya kati kushoto, inayotazamana na mlango wake.

Nilinunua zote mbili. Siku ya kukabidhiwa funguo nilipita mlango wa mbele, na viatu sikufuta.

Mke wangu hakuiona siku hiyo, alikuwa ametangulia. Nyumba yangu ya kijijini ilikuwa imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Mwanangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha lori letu, alishaanza kusema habari za kupanga Mbeya. Sikutaka. Nikakaa mimi juu, yeye nikampa ile ya kati. Nikamwambia aoe. Akaoa huko Nkunga, binti wa watu wenye adabu zao.

Hapo nikawa nimefanya kosa ambalo Mnyakyusa peke yake ndiye awezaye kulifanya. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawasemezani, na yeye jina langu halitamki hata ndotoni. Akiniona kwa mbali njiani anaingia migombani, anageuza uso, anachuchumaa mpaka nipite. Mimi nikimwona wa kwanza nakohoa, nasimama, nampa nafasi. Wa kuja hudhani ni chuki. Ni heshima, nayo kijijini haimsumbui mtu, kwa sababu njia ni nyingi na migomba iko kila mahali. Sasa mimi, niliyezaliwa migombani na kutajirishwa na migomba, nikanunua nyumba mbili juu ya ngazi moja. Haikunijia kwamba ngazi ya zege haina pembeni pa kuingilia.

Tulijitahidi. Kabla ya kushuka niligonga chuma cha ngazi kwa fimbo, nikasubiri nisikie mlango wa kati ukifungwa, ndipo nikashuka. Wakati wa kupanda niligonga tena toka chini. Chakula changu alipika yeye, na aliyenipandishia sahani ni mke wa muuza vitenge wa fleti ya chini, mama mmoja Mwislamu mcheshi sana, aliyekuwa akifika mlangoni kwangu akihema na kuniambia, "Baba, mila yenu tamu, ila magoti ni yangu." Hivyo tukaenda.

Lakini bomba la maji liko uwanjani, na mkamwana alikuwa mjamzito. Siku moja ya mvua nilitoka kwangu, nikagonga chuma kama kawaida. Yeye alikuwa katikati ya ngazi anapanda, ndoo kichwani. Aliposikia fimbo akageuka haraka ashuke. Ngazi ilikuwa na maji. Nilisikia ndoo ikibingirika daraja hadi daraja, kisha nikamsikia yeye.

Nami sikuweza kushuka. Nieleweke vizuri hapo. Mtoto wa watu ameanguka akiwa na mjukuu wangu tumboni, hatua chache chini yangu, na mimi nimesimama uso ukutani, nikipiga kelele watu waje. Walikuja. Mke wa muuza vitenge alimwinua, na mimba haikuharibika. Ila mama yake alipofika kutoka Nkunga alikaa kwenye fleti ya mwanangu na kusema kwa sauti ya kunifikia juu kwamba binti yake siyo mbuzi wa kufungwa ukingoni mwa genge, anamchukua mpaka mwenye nyumba atakapokuwa na nyumba. Akamchukua. Mwanangu akapanda kwangu. Hakukaa.

"Baba, akijifungua hatarudi hapa," akasema. "Nitahamia Mbeya. Sitaki kukuacha, lakini nitahama."

Nilimjibu kwamba hatahama mtu. Asubuhi nikamwita fundi.

Sasa niieleze kamati. Fleti ziliponunuliwa ilionekana kwamba kila mtu ana kuta zake, lakini paa, ngazi, tangi na uwanja ni vya wote, na kitu cha wote hakina wa kukitengeneza. Ikaundwa kamati, mhasibu akawa mwenyekiti. Hakuna aliyemchagua, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Kamati ikaajiri meneja, kijana wa Mbeya mwenye tai, aliyekuwa akiruka madimbwi ya Tukuyu kama kuku. Meneja akaleta kanuni. Marufuku kutwanga. Marufuku kuanika maharage uwanjani. Marufuku kuku. Marufuku kuita mtu kutoka dirishani. Mimi hizo zote nilizinyamazia. Nilikuwa natoa mchango wangu, paa lilikuwa halivuji, na kutwanga sijui.

Fundi alipokuwa amesimamisha nusu ya magogo, meneja alifika na kusema kazi isimame. Nikamuuliza kwa nini.

"Ukuta wa nje ni mali ya wote, mzee. Huwezi kuubandika kitu bila idhini ya kamati."

Nikamwambia ngazi haijabandikwa, imesimama kwa miguu yake, imeegemea tu. Akasema kuegemea ni kubandika. Nikamwambia na yeye amekiegemea hapo kigogo changu, basi naye ni mali yangu. Alijiondoa haraka, akapangusa koti. Fundi alicheka. Kazi ikaendelea, na ngazi ikamalizika. Nikatuma ujumbe Nkunga: nina njia yangu, ya ndani nimemwachia yeye peke yake. Mkamwana akarudi, tumbo likiwa limekua. Wiki ile nilipanda na kushuka nje kwenye mvua, na ndani hakugonga mtu fimbo.

Kilichomkera mwenyekiti siyo ukuta. Ngazi yangu ilikuwa inapita kwenye dirisha la jiko lake. Kila nikishuka alikuwa anaona kwanza viatu vyangu, halafu magoti, halafu mimi mzima. Alivumilia siku chache, kisha akanisubiri dirishani na kikombe chake cha chai.

"Mzee," akasema, "zamani ulikuwa unapita nyuma. Tukakuuzia mbele. Umerudi nyuma mwenyewe."

Alifurahi sana na maneno yake, nikaona chai ikitikisika. Nami nikasimama pale, tukatazamana kati ya nondo.

"Zamani nilipita nyuma kwa amri yako," nikamwambia. "Sasa napita nyuma kwa amri yangu. Kunywa chai, inapoa."

Baada ya hapo ikawa vita. Alinitumia watu wa busara. Mwalimu wa fleti ya juu, jirani yangu wa mlango kwa mlango, alikuja kuniambia kwamba mila hizi zinakwisha, huko mjini wakwe wanakula meza moja. Nikamwambia aende akale nao. Akasema pia kwamba wapo wazee waliompa mkamwana zawadi na kumfungulia mwiko, kwa nini nisifanye hivyo nikaokoa mbao? Nikamjibu kwamba ni kweli wapo, na siku yangu ikifika nitafanya, lakini hilo hupangwa na ukoo wangu na ukoo wa Nkunga, halipangwi na kamati ya tangi la maji. Mwenyekiti mwenyewe alileta shauri lake: niuze fleti moja. Nilimuuliza ipi, ya kwangu au ya mjukuu wangu. Na yeye ni Mnyakyusa kama mimi, usidhani ni mtu wa kuja. Alikuwa anajua kila kitu nilichokuwa nakisema. Hilo ndilo lililoniudhi.

Ukaitishwa mkutano wa kupiga kura: ngazi ibomolewe au ibaki. Kila fleti kura moja, mume au mke apige, asiyekuwepo hana kura. Na tarehe waliyoweka ilikuwa wakati mwanangu yuko njiani na lori kuelekea Dar. Mwenyekiti alikuwa ameliona lori likitoka.

Tazama mtego ulivyokuwa. Muuza vitenge alikuwa upande wangu. Mwalimu alikuwa upande wa mwenyekiti, na muuguzi mstaafu wa fleti ya chini kulia pia, kwa sababu ngazi ilikuwa imetua karibu na bustani yake ya mchicha. Wao watatu. Sisi tungekuwa watatu, mkamwana akipiga kura ya mumewe. Lakini mkutano ulikuwa sebuleni kwa mwenyekiti. Nikiingia mimi, mkamwana hawezi kuingia. Akiingia yeye, mimi siwezi. Mke sina wa kumtuma. Hesabu yoyote ungeipiga, tulikuwa wawili. Wasomi hawa, kitu walichokiita ushamba, siku ya haja walikitumia vizuri.

Muuza vitenge alinijia akiwa na huzuni. Yeye hutania kila kitu, siku hiyo hakutania. Akasema, "Mzee mwenzangu, wamekufunga kamba kwa mila yako mwenyewe." Nikamwambia aende mkutanoni, amchukue na mkewe ili mkamwana akae naye, na waniachie mimi yangu.

Sebule ya mwenyekiti na jiko lake hakuna mlango kati, ni uwazi mtupu. Ukiwa dirishani kwa jiko unaona na kusikia sebule yote. Nilijua hivyo kwa sababu nilikuwa napita pale kila siku, yeye mwenyewe akinilalamikia. Mkutano ulipoanza, nilisubiri mpaka niliposikia mke wa muuza vitenge akikohoa, ishara kwamba mkamwana ameketi na amejifunika kanga kichwani. Ndipo nikashuka ngazi yangu, nikaketi kwenye daraja lililo sawa na dirisha, mgongo kwenye ukuta, uso kwenye mlima. Mvua ilikuwa nyepesi. Walisoma ajenda, wakataja ukuta wa wote, wakataja sura ya jengo. Meneja akauliza nani anataka ibomolewe, akahesabu watatu. Akauliza nani anataka ibaki.

Nikapitisha mkono wangu kinyumenyume kati ya nondo, nikauinua juu ya sinki la mwenyekiti.

Kisha meneja akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, kanuni inasema aliyehudhuria."

"Mkono wake umehudhuria," akasema muuza vitenge. "Mwenyewe yuko jirani tu."

Muuguzi mstaafu akacheka, nilimsikia, ingawa alikuwa upande wao. Mwenyekiti alisema huu ni mzaha. Nikajibu toka nje kwamba nimelipia mchango wa jengo hili kwa mkono huu huu na hakuna aliyeuliza mwili uko wapi. Wakabishana. Mkono wangu ukaanza kufa ganzi, sikuuteremsha. Mwishowe mwalimu, namshukuru kwa hilo, akasema kura ihesabiwe, kwa kuwa hakuna kanuni inayokataza dirisha. Ikawa watatu kwa watatu.

Mwenyekiti akakohoa kidogo. Akasema kura zikilingana, mwenyekiti ana kura ya pili, na kwamba anasikitika, lakini jengo ni la wote.

Hapo nikasikia sauti nisiyoijua. Ilikuwa ya chini, imepita ndani ya kanga, lakini haikutetemeka.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza."

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu jengo moja, nimekula chakula chake kila siku, na sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia isipokuwa ile siku alipoanguka. Niliutoa mkono wangu dirishani. Nikageukia mlima zaidi.

"Uliza, mama," akasema mwenyekiti.

"Ngazi ya nje ikibomolewa, baba wa mume wangu atapita ya ndani. Mimi nitakuwa na ndoo, na mtoto mgongoni. Nikimsikia sitashuka tena kwa haraka, nimeshajifunza. Mlango wangu nitakuwa nimeufunga kwa ufunguo, wa karibu wenye mtu ndani ni wako. Nitaingia kwako. Mkiwa mnakula nitaingia, mkiwa na wageni nitaingia, na nitakaa na ndoo yangu mpaka apite. Nilitaka kujua kama utanifungulia."

Asiyetoka kwetu hataelewa uzito wa swali lile. Mkamwana anayejificha hafukuzwi. Akiingia shamba lako kwa kukimbia mkwe, hata akikanyaga maharage, hutamki neno. Mtu akimfungia mlango, habari hiyo itafika kwenye kila msiba wa Rungwe kabla yake, naye atakaa peke yake kwenye benchi. Na mwenyekiti alikuwa na wana wawili wa kuoa.

Nikasikia kikombe kikiwekwa. Aliyejibu ni mkewe, aliyekuwa amesimama karibu na sinki, karibu kabisa na mgongo wangu, mmoja wa wale waliokuwa wakiniteremshia kikapu.

"Atakufungulia, mwanangu," akasema. "Atafanyaje? Atakufungulia asubuhi, atakufungulia mchana. Kazi nyingine hana."

Sasa muuza vitenge akarudiwa na utani wake. Akapendekeza kamati imnunulie mwenyekiti kiti cha kukaa mlangoni. Meneja alimuuliza mwenyekiti aandike nini kuhusu ile kura ya pili. Mwenyekiti akasema aandike kwamba kamati italitafakari suala hili na kulitolea uamuzi baadaye.

Mpaka leo wanatafakari. Meneja yule aliondoka, akaja mwingine, wakatafakari. Mwalimu alihama. Jengo limepakwa rangi mara kadhaa, na hata hiyo rangi wanaipaka kwa kuizunguka ngazi yangu.

Mjukuu alizaliwa mvulana, akafuatiwa na wasichana. Wao ndio wanaoipanda ngazi ya ndani mbio kuja kwangu na sahani ya chakula, na mke wa muuza vitenge amepumzisha magoti yake. Yangu ndiyo yanayouma sasa. Mwanangu ananiambia, baba, umezeeka, mbao zinateleza, fungua mwiko upite ndani kama watu. Nimemwambia siku hiyo nitaichagua mimi. Siku ile ya mkutano mkamwana alipotoka mle sebuleni nilikohoa, nikasubiri mlango wake ufungwe, ndipo nikainuka. Sikumwona. Lakini nilijua aliye nyuma ya mlango ule ni mtu wa namna gani, na mtu wa namna ile nampandia ngazi ya mvua mpaka miguu ikatae.

Kwa hiyo kila asubuhi nashuka nyuma, kwa amri yangu. Nikifika dirishani kwa mwenyekiti nasimama, napumzisha magoti, namsalimu kwa sauti kubwa. Naye yuko pale na chai yake, mzee kama mimi. Huitikia. Hana njia nyingine.